Kipanya cha Mkono wa Kulia

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Nyuma ya duka la rangi.
Jumatano, 12 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na dua juu yake. Hamjambo wewe na mkeo? Kile kifua kilichokuwa kinakubana wakati wa baridi kimeachia? Mimi mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Kila barua huwa naandika hapa kwamba shemeji yako naye hajambo. Leo kalamu imekataa.

Kifurushi kilifika Ijumaa. Kipanya cha kompyuta ni kizima, taa zake zinawaka, na hedifoni pia. Umechagua kama mtu anayetafuta mchumba: uzito, umbo la kiganja, hadi vitufe viwili vya kidole gumba. Mungu akuzidishie.

Sasa kaa chini, mdogo wangu. Shemeji yako alipatwa na kiharusi tangu Oktoba. Mkono wa kulia, ule uliokuwa ukikamata skrubu za saa ndogo kama punje za ufuta, umelala. Ulimi nao mzito. Alinisihi nisikwambie, maana ndiyo kwanza umeanza kazi na ungeiacha uje. Nikakubali, nikidhani ni mambo ya mwezi mmoja.

Basi uliyekuwa ukicheza naye ule mchezo wenu wa vita mtandaoni kila Jumapili ni mimi. Yeye alikaa kando akinionyesha kwa kidole adui alipo, mimi nalenga. Ukamwandikia kwa jina lake la mchezoni, "Mwewe, siku hizi unalenga kama umefumba macho." Nilikuwa nafumba kweli. Mtu wa sala kama mimi, kumpiga mtu risasi, hata wa kwenye kioo, roho inasita.

Nikakujibu kwamba kipanya kimechakaa. Ulipouliza mbona hasemi, nikasingizia hedifoni. Kila uongo wangu ukakurudisha dukani. Nisamehe.

Ijumaa ile nilimwekea kipanya mezani. Akakishika kwa kushoto. Kile kibonde cha kidole gumba kikawa upande usio wake, na kidole cha mwisho kikawa kinabonyeza vitufe bila kutaka. Akakipapasa muda mrefu, kisha akasema, neno moja moja, "Huyu mtoto ananikumbuka mzima." Akageukia ukutani. Tangu anioe sikuwahi kumwona akilia.

Jumatatu nilimkuta amejikokota hadi mezani, anahangaika na kipanya cha zamani, maana chenyewe kiko sawa pande zote. Nikamwita fundi wa kompyuta wa hapo chini, akabadilisha vitufe, cha kulia kikafanya kazi ya cha kushoto, akapunguza na kasi ya mshale. Anakosa mno. Nilipocheka akaniambia, "Hata hivyo nakushinda wewe."

Chako sikirudishi. Kila jioni namlazia kiganja cha kulia juu yake. Jana kidole gumba kilitikisika, au ni macho yangu yanataka kuona.

Jumapili mbili hizi hatutacheza, hadi barua ikufikie. Ya tatu atacheza mwenyewe, na hedifoni yako kichwani. Maneno yakichelewa, subiri, usimmalizie. Na tafadhali, usimwachie ashinde. Atajua.

Shangazi anakusalimu, na mama mkwe wangu anakuombea. Mwenyezi Mungu akufunike popote ulalapo.

Wako akupendaye daima,
Dada yako

Hiyo michoro iliyopinda hapo chini si mtoto aliyechezea karatasi. Ni sahihi ya shemeji yako.