Nyambura Uliyemtengeneza

Kwako Baba Muthoni, jina ambalo Muthoni mwenyewe hajawahi kukuita,

Nakuandikia hadharani kwa sababu namba yangu umeifungia, na kwa sababu Nyambura wako naye umemweka hadharani mtandaoni, watu wampongeze kila aking'oka jino. Usiseme nakuaibisha. Jina lako sijalitaja, na wanaokujua hawangoji kuambiwa.

Mamako alikuja kwangu Jumamosi. Lakini kabla sijafika huko kuna mambo nataka ukumbuke, maana wewe ukiwaeleza watu habari yetu huwa unaanzia katikati.

Unakumbuka ile studio ya picha pale Kariobangi? Kachumba kenye pazia la buluu na stuli ya mguu uliolegea. Nilikuja kupiga picha ya kitambulisho, ukaniambia, "Dada, usicheke, serikali haipendi." Nikacheka. Ukapiga tena, nikacheka tena, na watu wa foleni wakaanza kulalamika. Baadaye, tulipokuwa watu wa kuonekana pamoja, nilikuwa nikitoka kazini napitia hapo, nakaa nyuma yako kukutazama. Mtu anakuletea picha ya marehemu akiwa kwenye harusi ya wengine, nusu ya uso imefichwa na bega la jirani. Unamtoa pale taratibu, unamvisha suti ambayo hakuwahi kuwa nayo, unamfungua jicho. Wajane walikuwa wakilia wakimwona. Ulikuwa na mkono mzuri na ulikuwa na huruma, hilo sikunyimi hata leo.

Halafu ukajifunza ile programu ya kutengeneza watu wasiokuwepo. Siku moja ukaniita, "Njoo uone huyu." Mzee wa kofia, mikunjo shingoni, macho mekundu kama aliyetoka kukoka moto. Nikakuuliza ni baba ya nani.

"Si baba ya mtu. Nimemtunga sasa hivi."

Ulifurahi sana. Mimi nilibaki nikimtazama, maana nilikuwa nimeshamhurumia kwa yale macho.

Nilipopata mimba ulichukua uso wangu na uso wako ukazichanganya, akatoka kasichana ka vishimo mashavuni, ngozi laini, macho makubwa. Ukasema, "Huyu ndiye Nyambura wetu." Jina la mamako, kama ilivyo desturi ya kwenu na kwetu, binti wa kwanza amrudishe mama wa babake. Nami nilimpenda. Nilimweka kwenye simu nikawa nawaonyesha wenzangu kule Eastleigh tunakokata nyuzi za sare za shule. Wakanitania, "Huyu atatoka wapi, na wewe ulivyo?"

Muthoni akazaliwa na uso wake. Wa manjano, paji kubwa, masikio yamesimama kama anasikiliza redio ya mbali. Ulimshika, ukatazama simu, ukamtazama yeye.

"Hafanani," ulisema.

Nilingoja ucheke. Nadhani nilingoja wiki nzima.

Aliumwa tumbo ile miezi ya kwanza, na kulia kwake unakujua. Ukawa unabeba kompyuta unarudi studio, huko kuna utulivu. Utulivu ukahamia upande mwingine wa mji, kwenye hiyo kazi yako mpya ya matangazo. Siku ya kuandikisha mtoto hukutokea. Kwa wazazi wangu ulikuwa hujawahi kukanyaga. Kwa hiyo mtoto alipewa jina la mamangu, kama anavyopewa mtoto ambaye babake hajajitokeza. Asikudanganye mtu kwamba nilimnyima mamako jina lake. Jina wewe ulishalipeleka kwa picha.

Najua uliendelea naye. Mama Saumu wa mlango wa pili alinionyesha. Nyambura na gauni la Jumapili, Nyambura na sare mpya, Nyambura na pengo. Kila mwaka anakua sawasawa na Muthoni, ila yeye hakohoi. Mama Saumu aliangalia, akasonya. "Mtoto wa umri huo hana hata kamasi? Wapi?" Nilicheka, nikaendelea kuanika nguo. Ningekuacha na doli lako mpaka mwisho wa dunia, maana watu wa huko mtandaoni umewaandikia wazi kabisa kwamba ni mtu wa kutungwa.

Mamako ndiye hukumwandikia; yeye ulimtumia picha tu, ukamwacha aamini ni mjukuu wake.

Jumamosi adhuhuri namsuka Muthoni mlangoni, nimefika nusu ya kichwa, nasikia hodi. Mama mzima, kitambaa kichwani, kiondo cha nduma na ndizi, vumbi mpaka magotini. Amechoka kungoja umpelekee mjukuu, akauliza pale studio ya zamani, wakamwelekeza. Nikamkaribisha, nikamfutia kiti.

"Nimekuja kumwona Nyambura," akasema.

Muthoni akainua kichwa; kila bibi mzee kwake ni shosho. "Shosho, hapa hakuna Nyambura. Kuna mimi, kuna mama, na kuna paka wa Mama Saumu."

Mamako akatoa simu, akamwonyesha. Mtoto akaitazama kwa makini. "Huyu ni wa televisheni?"

Hapo mamako akanigeukia mimi, na macho yake yakabadilika. "Mjukuu wangu umemficha wapi? Na huyu ni wa nani?"

Mbele ya mtoto, Baba Muthoni. "Na huyu ni wa nani." Mikono yangu ilikuwa imejaa mafuta ya nywele, sikujua niiweke wapi.

Akakupigia. Mkaongea Kikuyu cha haraka, kisha akaninyooshea simu, kwamba unanitaka. Sauti yako sikuwa nimeisikia tangu Muthoni hajatambaa, na hukuuliza hata kama yu mzima. Ulisema, "Acha tu amwite Nyambura. Jina ni nini? Ni siku moja. Mama ana presha, ukimwambia ataanguka hapo kwako, na itakuwa juu yako. Mfundishe mtoto aitike."

Aitike. Nimsimamishe mtoto wangu mbele ya shosho yake, aitike jina la picha ili wewe usiumbuke. Kisha iweje? Kila likizo awe Nyambura, akirudi nyumbani awe Muthoni? Siku akienda kule na kamasi, mamako aulize mbona vile vishimo vya mashavu vimeziba, amjibu nini? Nilikuambia hapana. Ukakata simu, na baadaye ukaifungia namba yangu. Sasa hiyo hapana naiandika mahali ambapo huwezi kuikata.

Nilimwambia mamako. Nilimtuma Muthoni kwa Mama Saumu kwanza, nikampa mamako maji, nikakaa chini karibu na miguu yake.

"Shosho, huyo Nyambura hayuko."

"Amekufa?"

"Hajafa. Hajazaliwa. Ametengenezwa na mwanao kwa kompyuta."

Hakuanguka. Ulidhani ataanguka, lakini aliketi tu, simu mapajani, akaanza kurudisha zile picha moja moja. Alisema kila Jumapili kanisani amekuwa akisimama kumwombea. Alisema alipoona lile pengo alicheka peke yake shambani. Nilitamani uwepo uone uso wake. Umewapa watu nyuso za wapendwa wao waliokufa. Mamako ulimpa mtu wa kumpenda, halafu ukaniachia mimi nimwambie hayuko.

Katika kiondo alikuwa na sweta ya waridi aliyomfumia Nyambura. Muthoni aliporudi aliiona, akanyoosha mkono. Mamako akairudisha ndani. "Hii si yako," akamwambia. Mtoto akaniangalia mimi. Hiyo nayo nimeiweka kwenye hesabu yako.

Nikamvuta tena Muthoni katikati ya magoti nimalizie nywele. Mamako akawa anatutazama. Kisha akasema, "Lete hapa, unamvuta sana," akachukua kitana. Akagawanya nywele za nyuma. Mkono ukasimama.

Picha zako zote zinatazama mbele, Baba Muthoni. Hukuwahi kumtengenezea Nyambura kisogo. Muthoni ana kisogo kilichochongoka, na nywele zake pale zinazunguka mara mbili, duara mbili zilizosongamana, ndiyo maana mistari haikubali kunyooka. Mimi nimekuwa nikipigana nayo kila wiki bila kujua imetoka wapi.

"Hii kisogo," mamako akasema. "Hii kisogo nimeinyoa na wembe nikiogopa, mwanangu akipiga mateke." Akapitisha kidole gumba pale, akarudia. "Unaitwa nani wewe?"

"Si nimekwambia? Muthoni."

"Muthoni." Akalitamka polepole. "Haya, Muthoni, inamisha kichwa."

Alipomaliza kusuka alichukua uzi wangu wa kushonea akampima mtoto kifua na mikono. Sweta ataifumua yote na kuanza upya. Mlangoni aliniagiza nikuambie kwamba kusubiri picha tena yeye hasubiri, na kwamba nyumba yake iko wazi ila usimletee mtu ambaye hawezi kumpa chai.

Likizo ijayo Muthoni anaenda kwa shosho yake. Ataenda na jina lake, masikio yake na kikohozi chake, na kule ataitwa hivyo hivyo. Hayo tumeshakubaliana wawili, bila wewe. Sikuombi umfute Nyambura. Mfute, mkuze, mwozeshe ukipenda, ni kazi ya mikono yako. Ila picha ya Muthoni hutaipata ya kumrekebishia Nyambura, na ile yangu niliyocheka mbele ya pazia la buluu, kama bado unayo, usiichanganye na chochote.

Ukitaka kumwona Muthoni, nenda kwa mamako kama watu wanavyoenda, kwa mlango. Utamkuta uani. Anza kwa kumwambia wewe ni nani, kwa sababu hakujui, kisha ungoje uone kama atakusalimia. Nimemfundisha asiongee na watu asiowajua.

Ni mimi,
Mama Muthoni