Mbao Mbichi za Maternite

Jumanne, 12 Septemba 2000
Mabomu ya vita vya Juni yaliunguza maternite, nyumba ya kujifungulia, ya mtaa wetu. Nzanzu, tajiri wa mchele, anajenga nyingine ya mbao — kwa sharti moja: ghorofa ya juu iwe depo yake ya mchele. Magunia mia mbili juu ya wanawake wanaojifungua! Nimemwambia: dhoruba ikija, uzito huo utasukuma kuta za chini upande. Tripleksi mbili, zile mbao bapa za ukuta, zinapokutana, nguzo iwe madriye, boriti nene, kavu. Shevroni, kijiboriti chembamba, hupasuliwa na mistari miwili ya misumari, mmoja wa kila tripleksi.

Alhamisi, 14 Septemba
Mbao zimefika kwa mtumbwi kutoka Yanonge. Shevroni tupu, zinachuruzika maji. Nikapinga. Nzanzu akajibu:
"Mzee, miti ya mitego ya wavuvi kwa maporomoko iko mubichi, na mayi haiiangushe. Alors, upepo itafanya nini?"
Mafundi wakacheka naye. Miaka saba tangu nikimbie Masisi, bado mimi mgeni asiyejua miti ya hapa. Nilishika msumeno kabla hajazaliwa!

Ijumaa, 15 Septemba
Nimekwenda maporomokoni kumwuliza Bavon, mvuvi. Akatikisa kichwa.
"Papa, sisi hatupigake musumari. Tunafunga na kamba ya pori. Na miti yetu haikauke hata siku moja."
Ndiyo! Kamba ikilegea hukazwa. Mbao ikikauka, msumari hubaki ukicheza ndani ya tundu. Nimempelekea Nzanzu maneno hayo. Eti Bavon abaki na samaki wake. Mafundi wameanza kupigilia.

Jumatatu, 6 Novemba
Joto la bati limeoka mbao wiki hizi zote. Vichwa vya misumari vimetokeza nusu kidole. Nguzo tatu zimepasuka juu hadi chini, palepale tripleksi zinapokutana. Na magunia yalipandishwa Jumamosi!
Ursule, binti yangu, yuko chini ya magunia hayo tangu alfajiri. Mkunga Clothilde amekataza asisogezwe: mtoto yuko njiani.
Nimepanda mwenyewe. Natupa magunia nje kupitia dirisha, matopeni. Kumi na moja. Naandika nikivuta pumzi. Mawingu meusi upande wa mto. Ukuta umelia mara mbili.
Nzanzu amefika chini ya ngazi, anamtukana baba yangu na babu yangu. Clothilde ametoa kichwa mlangoni, amemwambia neno, sikulisikia.
Nzanzu anavua koti. Anapanda, anashika gunia la kumi na mbili.