Kabla ya Arobaini

Bondeni Ruvu, 3 Novemba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanakupa nafuu? Sisi hatujambo, tumbo langu limetimiza miezi minne. Naandika kwa kuwa sikio lako halishiki tena maneno ya simu. Barua anakuletea bi Ashatu wa dagaa.

Mvua imetukataa. Mto tuliokuwa tukiuogopa, jana nimeuvuka kwa kandambili na vidole havikulowa. Viboko wamebanana kwenye kidimbwi kimoja kama watu kwenye foleni ya bomba. Niliduwaa kwa mbali nikiwatazama, mpaka Azan akaniita, "Mke wangu, hao hawana maji ya kukupa." Kisima kimeingia chumvi, chai utadhani mchuzi. Ila mtoto anacheza. Nina tumaini.

Mwanao Sabiha

Kaole, 20 Novemba

Mwanangu Sabiha,

Marahaba, na dua zangu zikutangulie. Magoti yaache, nitazikwa nayo. Nakutumia beseni langu kubwa la bluu la kufulia, uwekee maji. Likijaa usilinyanyue, mwachie Azan, ana shingo.

Nina neno moja. Yule wa kwanza ulimtoa nje siku ya kumi, ukaenda naye harusini kwa wakweo, na wiki haikuisha tukamzika. Sikukulaumu mbele za watu. Lakini huyu asivuke kizingiti mpaka arobaini itimie. Niahidi kwa maandishi.

Mama yako

Bondeni Ruvu, 5 Aprili

Mama,

Shikamoo, na hongera, umepata mjukuu wa kike. Tumempa jina lako, Kholood. Tulitoka zahanati siku ileile aliyozaliwa, tarehe mbili, nikamwingiza ndani, na tangu hapo hajaliona jua. Naahidi kwa maandishi: havuki kizingiti kabla ya arobaini.

Mvua nayo imekuja na mtoto. Beseni nililiweka uani, likajaa bila mtu kuteka. Nilitia mkono, nikalia.

Mwanao Sabiha

Kaole, 9 Mei

Sabiha mwanangu,

U mzima? Bi Ashatu amenirudishia barua yangu ya mwisho. Anasema njia ya kwenu haipo, amekuta bahari. Simu ya Azan haipatikani. Niandikie japo mstari mmoja.

Mama yako

Bagamoyo, shuleni tulikohifadhiwa, 14 Mei

Mama,

Shikamoo. Tu wazima wote watatu. Nimekawia kwa sababu nimevunja ahadi, kalamu nikiishika naiweka.

Siku ya thelathini na moja maji yaliingia kimya, chini ya mlango, kama mgeni mwenye adabu. Nikapanda na Kholood kitandani. Azan akasema tutoke, nikamwambia siku hazijatimia. Godoro lilipoanza kuelea akaenda uani akaleta beseni lako. Nikamlaza mtoto ndani yake, juu ya kanga, tukalisukuma hadi kwenye tuta la barabara. Maji yalinifika kifuani, mahali palepale nilipovuka kwa kandambili. Kiboko mmoja akapita kati ya nyumba yetu na choo, taratibu, kama mwenye shamba. Hofu ilikuja baadaye. Saa ile nilistaajabu tu, nikasema Subhanallah. Na Kholood alikuwa amefumbua macho, anaitazama mbingu kwa mara yake ya kwanza.

Arobaini ilitimia Jumatatu. Hajaugua. Lakini kila akipiga chafya nakuona wewe. Unisamehe.

Mwanao Sabiha

Kaole, 17 Mei

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya nne nikamsomea bi Ashatu, naye akasahau dagaa wake mpaka paka akajipakulia.

Hukuvunja kitu. Nilikataza mtoto asitoke kuifuata dunia. Dunia ndiyo iliyovuka kizingiti ikamfuata yeye.

Na yule wa kwanza alichukuliwa na homa, si harusi. Nililijua hilo siku ileile tuliyomzika, nikanyamaza, maana uchungu wangu ulitaka mtu wa kumkalia. Wa kusamehe ni wewe.

Njooni Kaole, huku ni juu. Beseni mje nalo. Nguo hazitafuliwa tena humo.

Mama yako, somo yake Kholood