Masinde na busu la nyuma ya kanisa

Namalwa, nimetoka kwa nyanya sasa hivi na bado siamini.

Mwaka 1956 Truphosa, yaani nyanya, alikuwa ameposwa na Masinde, karani wa reli hapa Nakuru. Jumapili moja Masinde akambusu nyuma ya kanisa. Mara moja tu, tena baada ya kumbembeleza.

Jumatatu akaja kwa baba yake Truphosa. "Mzee, binti yako ameniambukiza kaswende. Nina kidonda mdomoni. Ndoa hakuna."

Mbele ya baba yake. Kaswende.

Truphosa hakulia. Alisema, "Kesho twende kwa daktari, sisi wote wawili."

Daktari akamfunua Masinde mdomo, akauliza walibusiana lini.

"Juzi."

"Juzi? Bwana karani, kidonda hiki huchukua kama wiki tatu kutokea. Wiki tatu zilizopita ulikuwa wapi?"

"Rongai, kikazi."

"Na hiyo kazi ilikuwa inaitwa nani?"

Damu ya Masinde ilipopimwa ikathibitisha kaswende; ya Truphosa ilikuwa safi. Lakini Truphosa akaambiwa kidonda cha namna hiyo hakiumi, na busu linatosha kuambukiza. Akangoja miezi mitatu, kila asubuhi akijitazama mdomo kwenye kioo. Akapimwa tena. Alikuwa salama.

Ndipo Masinde akarudi, amevaa suti, kumwambia kwamba amemsamehe.

Amemsamehe, Namalwa. Yeye.

Truphosa akamjibu polepole, "Asante. Sasa nenda ukawasamehe na wa Rongai." Akafunga mlango.