Tairi Pana

Benadeta, unakumbuka jirani Sibomana aliniuliza, "Mama Jovitus, hilo tairi pana litashika kwenye mawe?"

Nikamjibu Mungu yupo. Mimi ndiye niliyemsisitiza Jovitus alifunge kwenye pikipiki, kwa sababu ya tope.

Leo amempakia mkewe Immaculata, mimba ya miezi saba, kwenda zahanati. Nilikuwa mgombani nawatazama. Kwenye tope la bondeni tairi lilipita kama linaelea. Kwenye mchanga likatulia. Mlimani, kwenye mawe yaliyolowa, likateleza. Likateleza tu, Benadeta.

Immaculata yuko hai. Mtoto tumempoteza.

Sijalia. Nimeshika rozari tu.

Jovitus amerudi sasa hivi. "Mama, ni kweli Sibomana alikuuliza?"

Nikasema, "Kwenye tope lilipita vizuri, mwanangu."

Akachukua kanga za mkewe, akatoka kurudi zahanati.