Mshale Mrefu kwenye Upinde Mdogo

S.L.P. 14,
Garsen.
13 Septemba 1998.

Mpendwa kaka James,

Bwana asifiwe. Natumaini u mzima huko Kanada, na kwamba kile kikohozi cha baridi kimekuachia. Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri na miguu yake imeacha kuvimba. Mafuriko yamebaki alama tu ukutani, na kule shambani Wenje migomba imechipua tena.

Ule mchezo uliotutumia, wa kusimulia hadithi na kurusha dadu, tunaucheza kila Jumamosi baada ya kufua. Mimi ndiye msimulizi. Wachezaji ni mume wangu Danson, jirani yetu Mashavu, na Godana, yule rafiki yetu Muorma tuliyehifadhiwa naye kwenye mwinuko wakati wa mafuriko. Yeye huja na maziwa na maneno mengi.

Sasa sikia balaa. Katika hadithi Godana ni jitu. Upinde wake ulichukuliwa na maji, akaazima wa Mashavu, ambaye humo hadithini ni mtu wa kimo cha mbuzi. Mishale alibaki nayo yake mwenyewe, mirefu. Akamlenga mamba. Kitabu cha mchezo kinasema silaha ndogo hurushiwa dadu yenye pande chache, kwa hiyo huumiza kidogo. Kuhusu mshale mkubwa kwenye upinde mdogo, kimya. Nikaamua tufuate upinde. Mamba hakufa.

Godana alikasirika. "Mshale ni yangu," akasema. "Mamba inachomwa na mshale, haichomwi na kamba." Akavaa ndara zake akaenda. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine.

Kaka, niliumia. Unajua mambo ya hapa, sisi Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji, na ugomvi wa njia za kwenda mtoni. Danson alisema ni mchezo tu, lakini sokoni wapo waliofurahi kusema walijua Mpokomo na Muorma hawatakaa mkeka mmoja. Nilitaka kukuandikia uamue wewe, maana rafiki nilimhitaji kuliko kuwa sawa.

Jana Godana akaingia uani na upinde wa mdogo wake wa kupigia ndege, na mshale mrefu wa babu yake. Hakusalimu. Akasimamisha gogo la mgomba, akavuta mpaka upinde ukalia. Mshale ukagusa gogo, ukaanguka. Akarudia, ukaanguka tena. Akaanza kucheka peke yake, nasi tukacheka naye.

"Dada Hulda," akasema, "nguvu inatoka kwa upinde. Lakini hiyo mamba bado iko."

Basi usihangaike kututafutia jibu. Msalimie wifi Lavender na watoto. Mama na Danson wanakusalimu, na Mashavu anauliza kama huko kuna mamba.

Jitu la Godana sasa linajichongea upinde wa kimo chake. Godana ameahidi kuja kila Jumamosi mpaka mti wa upinde huo ukauke. Mimi ndiye msimulizi, na nimemwambia mti huo haukauki upesi.

Mungu akufunike kwa mkono wake.

Dada yako asiyeacha kukuwaza,
Hulda