Fomu Uliyokataa Kutia Sahihi

Mpendwa binti yangu Atieno,

Jumatatu shule imenitumia ujumbe kwenye simu: mkutano wa malengo ni Ijumaa, kila mzazi afike pamoja na mwanafunzi. Nadhani kompyuta yao hakuna aliyeiambia. Miezi mitano sasa umelala Katito, nyuma ya nyumba ya babako, na wao bado wanataka nije nawe. Nilikuwa kwenye cherehani niliposoma. Sikushona tena siku hiyo.

Unaukumbuka mkutano wetu ule? Kule shule yako ya zamani ya Katito mkutano wa wazazi ulikuwa wa wazazi, mtoto anabaki nje akingoja kujua kama atachapwa. Shule hii ya Otonglo ikaja na mambo yake: viti vitatu, mwalimu, mzazi na mtoto, na eti mtoto ndiye anayeanza. Nilikutania njiani. "Wewe na miaka kumi una malengo gani?" Ukanijibu bila kucheka, "Niko nayo, Mama. Nimeshaandika na penseli." Ulikuwa umevaa ile sketi niliyokushonea kubwa, na pindo pana nililokunja ndani ili niwe nikilifungua kadiri unavyorefuka.

Mwalimu Awino alikupa mkono kama anavyompa mtu mzima. Hukujua uuweke wapi mkono wako baada ya hapo. Kisha darasa la jirani likaanza kelele, akatuomba radhi, akiniita mama Atieno kwa Kijaluo. "Min Atieno, someni pamoja hiyo fomu, mimi narudi sasa hivi."

Nikaisoma. Lengo langu: nisikose shule. Kitakachonisaidia: kunywa maji darasani na kupumzika mifupa ikianza kuuma, kwa sababu nina ugonjwa wa damu, selimundu.

Mwanangu, nilihisi kama mtu amenivua nguo sokoni.

"Nani amekwambia uandike hii?"

"Mwalimu alisema tuandike ukweli."

"Na Katito si walijua ukweli? Si walikuwa wanakurudisha nyumbani kila wakiona macho yako yamekuwa manjano? Ulipoteza term nzima, nyathina, mwanangu. Unataka turudi huko?"

Nikachukua kifutio chako nikafuta. Nilifuta kwa nguvu, karatasi karibu itoboke. Halafu nikachukua kalamu ya wino ya mwalimu, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Kushiriki michezo yote kama wenzangu.

"Lakini Mama, mimi siwezi kukimbia."

"Utakimbia kidogo tu. Wakuone uko sawa."

Mwalimu aliporudi alifurahi. Akasaini, nami nikasaini. Wewe ukaiweka kalamu mezani taratibu na kuangalia miguu yako. Nikamwambia una haya, utasaini siku nyingine. Akasema, "Hakuna shida, Mama, huyu tutamfanya champion."

Sasa nataka nikwambie jambo ambalo ulilijua kabla yangu. Sikukuficha kwa sababu nilikuonea aibu. Nilichoka kusikia wanawake wa kwa babako wakiuliza hii damu mbovu imetoka ukoo gani. Kwa hiyo hapa mjini nikakuita mtoto wa malaria. Huku kwetu ukisema malaria hakuna anayeuliza swali la pili. Kila nyumba inayo. Ulipokosa siku mbili, malaria. Ulipolia usiku ukishika magoti, asubuhi nilimpigia mwalimu: malaria tena. Nilikuzoeza hata wewe. Nilikusikia siku moja ukimwambia jirani, "Ni malaria tu, Auntie," kwa sauti yangu kabisa, na nikajisifu moyoni kwamba nimelea mtoto mwerevu. Vidonge vyako vilikuwa kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati, watu wasivione.

Mwalimu Awino ndiye aliyenieleza siku ile yako ya mwisho uwanjani ilivyokuwa. Alinieleza Katito, tukiwa tumekaa kwenye nyasi, siku tuliyokuzika. Jua lilikuwa kali, mlikuwa mnajiandaa kwa mashindano. Uliomba maji ukaambiwa mzunguko mmoja tu umebaki. Alikuwa amebandika malengo yenu wote ukutani, kila mtoto na lake, na alilijua la kila mmoja. Akakuita kwa upole, "Atieno, kumbuka lengo lako." Ukaendelea kukimbia.

Alilia mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. "Nilikimbiza mtoto ambaye ametoka tu kuugua malaria. Min Atieno, nisamehe." Unajua nilimjibu nini? Nilimshika bega nikamwambia, "Mos, pole, Mwalimu. Ni kazi ya Mungu." Mama yako huyo. Nilimwacha arudi Otonglo amebeba mzigo wangu, nami nikabaki nikipewa pole na kijiji kizima. Nimesikia ameacha kufundisha michezo. Wanasema siku hizi hata sauti haipandishi.

Alikuwa amekuja na fomu yako, akidhani nitapenda kuitunza. Nimeishika dirishani mara nyingi, Atieno. Kifutio hakikutoa kitu. Ni kama kitambaa ukifumua mshono, matundu ya sindano yanabaki. Chini ya wino wangu kuna maji, kuna kupumzika, kuna lile neno la ugonjwa uliloliandika kwa uangalifu, herufi moja moja.

Sketi yako nimeshindwa kuigawa. Lile pindo bado liko ndani, halijafunguliwa hata mara moja.

Sina matumaini ya kukupa, na wewe huyahitaji. Siombi unisamehe, maana wa kunisamehe nimemzika. Lakini Ijumaa nitakwenda. Nitakaa kwenye kiti changu na chako kikae tupu, nimpe Mwalimu Awino barua hii na fomu, nimwambie aishike kwenye mwanga. Akitaka awasomee wazazi wote, awasomee. Huenda akanifukuza, na atakuwa na haki. Hakuna litakalobadilika huko uliko.

Kwenye ile fomu kuna mistari mitatu ya sahihi, na mmoja bado mtupu. Tulikuwa watu watatu pale mezani, na ni wewe tu uliyekataa.

Pumzika, nyathina. Sasa hakuna wa kukukimbiza.

Ni mimi,
Mama yako